Walanguzi wa Majina na Jasho la Wavuvi wa Ujiji

Ipo mali ambayo haiingii ghalani wala haipimwi kwa mizani, na kwa sababu hiyo watu wengi hawaihesabu kuwa ni mali. Mali hiyo ni jina. Mwenye shamba la chikichi pembezoni mwa Ujiji anajua mipaka ya shamba lake, na akiingiliwa hukimbilia barazani. Mwenye mtumbwi anajua mtumbwi wake kwa alama aliyouchora ubavuni. Lakini jina la Kigoma, jina la Ujiji, jina la Tanganyika, hayo yanaonekana kama maji ya ziwa lenyewe: kila apitaye na achote. Wale waliokwisha kutambua kwamba jina linauzwa kama vile mafuta ya mawese yanavyouzwa, ndio wanaochota kwa mapipa.

Tuchukue dagaa. Katika soko la Kariakoo, au Tabora, au Dodoma, muuzaji akitamka maneno mawili tu, "wa Kigoma", bei ya fungu hupanda papo hapo, na mnunuzi halalamiki. Maneno hayo hayakutungwa na wataalamu wa matangazo. Yametungwa na wavuvi wanaokesha ziwani kwa taa siku za giza la mwezi, na kina mama wa Kibirizi na Katonga wanaoanika samaki hao, wakiwageuza juani na kuwachagua hadi wakapata sura ile inayofahamika. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa jamaa moja na sadini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni wa jamaa nyingine kabisa, ingawa wakishakauka na kutiwa katika mfuko mmoja jicho la mgeni haliwatofautishi. Aidha, aina mojawapo ya dagaa wetu ilichukuliwa kutoka Tanganyika ikapandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika bwawa la Kariba miaka ya 1960. Huko amezaana na ana majina mengine. Samaki, basi, anaweza kuhamishwa. Kilichobaki Kigoma ni sifa iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, na sifa hiyo haina chombo cha kuibebea isipokuwa jina.

Jina hilo linalindwa na nani?

Sheria za nchi zina milango mitatu, na milango hiyo haitazamani. Mlango wa kwanza ni usajili wa majina ya biashara, ambao sheria yake ni ya tangu enzi za ukoloni na kazi yake leo iko mikononi mwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Mtu akisajili jina la biashara anapata cheti, anakitundika ukutani, na kuanzia siku hiyo anaamini kwamba jina ni lake. Si kweli. Cheti kinasema tu ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Umiliki wa jina kama nembo ya bidhaa unapatikana katika mlango wa pili, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kwa maombi mengine na ada nyingine. Na mlango wa tatu ni ule wa majina ya kikoa, yaani anwani za mtandaoni zinazoishia na .tz, ambazo zilianza kuandikwa katika daftari la dunia mwaka 1995, zikatunzwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 2010, na ambazo husimamiwa kwa kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mwenye cheti cha mlango wa kwanza anaweza kukuta mlango wa tatu umekwisha kufungwa na mtu asiyemjua, aliyelipa ada asubuhi ileile. Mtu huyo hakuvunja sheria yoyote. Aliwahi tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Utaratibu wa majina ya kikoa, hapa kwetu na duniani kote, umesimama juu ya kanuni moja: anayetangulia ndiye apewaye. Kwa maneno matupu kanuni hiyo inapendeza, maana haimtazami mtu usoni. Lakini wahenga walisema kutangulia si kufika, na hapana budi kuuliza mbio hizi zinaanzia wapi. Tangu mwaka 2018 usajili wa BRELA unafanywa kwa njia ya mtandao. Ni hatua njema, kwa sababu imemwondolea mtu wa Kigoma safari ya zaidi ya kilometa elfu moja kwa reli hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, ili kuingia katika mtandao huo Mtanzania anatakiwa awe na namba ya kitambulisho cha Taifa. Wenyeji wa Kigoma wanafahamu maana ya sharti hilo katika mkoa wa mpakani, ambako maswali ya uraia yamechelewesha vitambulisho vya wengi, na ambako mzee aliyezaliwa Ujiji, na baba yake akazikwa Ujiji, huulizwa babu yake alivuka ziwa lini. Bwana mwenye ofisi Dar es Salaam anatanguliza jina kwa dakika chache akiwa kitini. Mama wa Kibirizi anatanguliza kwanza kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Kisha wote wawili wanaambiwa kwamba mbio zilikuwa za haki.

Watu wenye umri wanaukumbuka mwaka 1983, Serikali ilipoendesha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mlanguzi wa wakati ule alikuwa anaficha sukari na sabuni, akingoja dhiki izidi ili auze kwa bei aitakayo. Alihitaji ghala, lori na vijana wa kubeba. Alihitaji pia kulala kwa hofu, kwa sababu gunia la sukari halifichiki milele. (Ni kweli pia kwamba katika msako ule walikamatwa wadogo ambao ghala lao lilikuwa uvungu wa kitanda.) Mlanguzi wa majina amepumzishwa adha hizo zote. Ghala lake ni orodha. Analipa ada ndogo ya mwaka kwa kila jina, anaandika majina ya miji, ya samaki, ya milima, ya vikundi ambavyo bado havijajua kwamba vitahitaji tovuti, kisha anakaa kitako. Halimi, havui, haaniki. Siku ushirika utakapoamka na kutaka anwani yenye jina lake, utaambiwa jina lipo na bei yake ni maelewano. Huo ni unyonyaji uleule wa zamani, mrija ule ule, isipokuwa sasa mrija umetengenezwa kwa waya.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba aliyedhulumiwa anayo mahakama. Anayo, naam. Mwaka 1999 ICANN, shirika la Marekani linalosimamia daftari la majina ya mtandao duniani, lilipitisha utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya namna hii, na Shirika la Miliki Bunifu Duniani lenye makao yake Geneva ndilo mojawapo ya vyombo vinavyotoa waamuzi. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linalogombaniwa linafanana na alama ya biashara ambayo yeye ana haki nayo, kwamba aliyelichukua hana haki wala sababu halali ya kulitumia, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Ada ya shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500 za Kimarekani, mbali na gharama za mwanasheria. Kikundi cha waanika dagaa kikichanga fedha hizo, huenda kikaanguka katika jambo la kwanza kabla hata hakijafika la pili, kwa kuwa hakina alama ya biashara iliyosajiliwa. Kina sifa ya vizazi vitatu tu, na sifa haina namba ya usajili.

Na isidhaniwe kwamba miji mikubwa imenusurika. Halmashauri ya jiji la Barcelona, Hispania, ilidai anwani ya barcelona.com iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi, ikashinda huko Geneva mwaka 2000. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikapindua ushindi huo, ikisema jina tupu la mahali haliwezi kuwa nembo ya mtu, hata kama mtu huyo ni jiji lenyewe. New Zealand ilishindwa katika shauri lake la newzealand.com, na mwaka 2003 ikalazimika kulinunua jina la nchi yake kwa dola milioni moja za nchi hiyo. Serikali ililipa ili iitwe jina lake! Ikiwa dola yenye mawakili na hazina imefikishwa hapo, msomaji anaweza kukadiria mwenyewe hali ya ushirika wa wavuvi.

Yapo mashauri makubwa zaidi, na mawili kati yake yanagusa moja kwa moja watu wa kando ya maziwa na mito. Mwaka 2012 ICANN ilipofungua mlango wa miisho mipya ya anwani, kampuni ya Amazon ya Marekani iliomba mwisho wa .amazon. Nchi nane za bonde la mto huo zikapinga, zikiongozwa na Brazil na Peru, zikasema jina ni la mto, la misitu na la watu wanaoishi humo. Mabishano yakachukua miaka saba. Katika mazungumzo kampuni ilijitolea kuzipa nchi hizo vifaa vyake vya kusomea vitabu na huduma nyinginezo vyenye thamani ya dola milioni tano. Watu wa Ujiji, ambao babu zao waliona shanga na vitambaa vikipimwa sokoni kwa pembe za ndovu, hawahitaji kufafanuliwa biashara ya namna hiyo. Mwaka 2019 bodi ya ICANN iliamua kuendelea na maombi ya kampuni. Ikumbukwe kwamba mwaka 2013 kampuni ya mavazi ya Patagonia iliondoa ombi lake baada ya Argentina na Chile kupinga. Kwa hiyo kupinga si kazi bure, ila kunahitaji mtu wa kupinga, na apinge mapema.

Shauri la pili ni la .africa. Hapa mgogoro ulikuwa baina ya Waafrika wenyewe: taasisi ya DotConnectAfrica kwa upande mmoja, na msajili wa Afrika Kusini aliyeungwa mkono na Umoja wa Afrika kwa upande wa pili. Kamati ya serikali ilipinga ombi la kwanza mwaka 2013, jopo la wasuluhishi likasema mwaka 2015 kwamba taasisi hiyo haikutendewa haki, kisha pande hizo zikapelekana mahakamani California. Jina la bara zima likangoja hadi mwaka 2017 ruhusa kutoka mahakama ya jimbo moja la Marekani. Aliyekuwa na haki zaidi kati ya wawili hao ni suala la wanasheria. La kusikitisha ni kwamba meza ya kuamulia haikuwa Addis Ababa.

Mji wa Ujiji una historia ndefu ya kupewa na kunyang'anywa majina. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, wakati Dar es Salaam bado haijaanza kujengwa kuwa mji, na wakakuta soko linalojulikana kutoka Unguja hadi Manyema. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo, na tangu siku hiyo dunia imeukumbuka mji kwa salamu ya wageni wawili, kana kwamba wenyeji waliokuwa wamesimama kando yao walikuwa miti. Wajerumani waliita meli yao ya ziwani Graf von Goetzen, kwa heshima ya gavana wao. Waingereza walipoirejesha majini mwaka 1927 wakaiita Liemba. Na jina la ziwa lenyewe walilichukua mwaka 1920 wakalibandika juu ya nchi nzima. Mtawala, kila alipokuja, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika jina katika daftari. Daftari la leo halina mtawala anayeonekana, na ndiyo sababu watu hawashtuki.

Wapo wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanaonunua samaki mmoja mwenye nundu kichwani na mistari saba ubavuni. Wanamwita "Kigoma". Ndilo jina lake la dukani, ili kumtofautisha na ndugu yake wa mistari sita anayeitwa "Burundi". Wengi wa samaki hao wamezaliwa na kukuzwa katika mabirika ya vioo hukohuko ugenini, na hawakuwahi kuonja maji ya ziwa. Ni haki kusema kwamba wafugaji wengi hutumia jina hilo kwa uaminifu, ili kuonyesha asili ya mbegu. Hata hivyo biashara inafanyika, tovuti zinafunguliwa kwa majina ya Tanganyika na ya vijiji vya pwani yake, na hakuna senti inayorudi Bangwe wala Katonga. Wala haijapata kusikika kwamba kuna mtu aliyeuliza.

Katika mambo haya hasira isimpofushe mtu. Mwaka 2018 watu wengi waliipigia kelele kampuni ya Disney kwa kumiliki nchini Marekani alama ya "Hakuna Matata", iliyoombwa mwaka 1994 na kusajiliwa mwaka 2003. Wengine walidhani Mswahili atashtakiwa kwa kutamka maneno yake. Hapana, alama ile inahusu nguo, na ulimi wa mtu haukufungwa. Lakini fulana ilifungwa, na fulana ndiyo biashara. Kwa upande wa kikoi, kampuni moja ya Uingereza iliomba mwaka 2006 isajiliwe alama ya "Kikoy". Wakenya wakajipanga pamoja na wenzao wa Uingereza, wakapinga, na ombi likaachwa mwaka 2008. Tofauti ya mashauri hayo mawili ni moja tu: katika la pili kulikuwa na watu waliosoma gazeti la msajili kabla muda wa pingamizi haujapita. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kuna hoja nyingine ambayo hutolewa kwa sauti ya upole. Inasemwa kwamba jina la mahali ni la wote, na kwamba kumpa yeyote, hata ushirika, ni kuanzisha ukiritimba mpya. Hoja hii ina ukweli nusu, na ule ukweli wake ndio unaoifanya iwe ya hatari. Ni sahihi kwamba mtu mmoja asipewe neno "Kigoma" akawazuia wengine. Lakini jina likiachwa wazi kabisa, linakuwa la yule mwenye mfuko, mashine ya kufungashia na karatasi ya rangi. Na dagaa wa popote atatiwa humo. Wahabeshi waliukata mzizi huo. Mwaka 2005 Serikali ya Ethiopia iliomba Marekani isajili majina ya kahawa yake ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga, na kampuni ya Starbucks ikavutana nayo. Mwaka 2007 wakafikia makubaliano, na kampuni ikakiri kwamba majina yale yana mwenyewe. Mkulima wa Sidamo hakuwa tajiri kwa siku moja, lakini kuanzia hapo alikuwa na cha kuweka mezani.

Zanzibar imekwisha kuingiza viashiria vya kijiografia katika sheria yake ya mwaka 2008 ya miliki ya viwanda, na karafuu inajulikana nani aisemee. Sheria ya Bara ya mwaka 1986 imetungwa kwa ajili ya nembo ya mfanyabiashara, si kwa ajili ya sifa ya pwani nzima. Jambo hilo ni la Bunge, na wabunge wa mikoa ya ziwani wana ndimi. Lakini yapo yasiyongoja Bunge. Hakuna sheria inayouzuia ushirika wa wavuvi na waanika dagaa kubuni alama yake yenye picha na maandishi, kuisajili, na kuweka masharti ya nani aitumie. Hakuna kinachouzuia kuchukua anwani yake chini ya .tz leo hii. Manispaa ya Kigoma/Ujiji yenyewe ina tovuti yake chini ya .go.tz, ofisi imekwisha kujilinda jina. Maofisa walioweza kujilinda wenyewe wanashindwa nini kumwandikia fomu mvuvi? Semina zimefanyika nyingi, na posho zimelipwa. Kikundi kilichohudhuria semina tatu bila kurudi na cheti kimoja kimehudumiwa, au kimetumiwa?

TCRA nayo ina la kujibu. Majina ya mikoa, wilaya, miji na maziwa yaondolewe katika mbio za anayewahi, yatengwe, na atakayeyataka aeleze anayataka kwa ajili ya nani. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji orodha, na orodha ya wilaya za Tanzania ipo katika kila ofisi ya Serikali. Kuhusu jina la Tanganyika, hakuna nchi moja inayoweza kulidai peke yake. Ziwa ni la Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na Kongo ina jimbo lake linaloitwa Tanganyika. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wao wa ziwa mwaka 2003, na mamlaka yao ya pamoja ina makao Bujumbura. Mamlaka hiyo imezungumzia maji, samaki na tope. Ni wakati wa kuzungumzia na jina, kabla halijatokea ombi la .tanganyika kutoka kwa bwana asiyejua hata ziwa liko upande gani wa Afrika.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wazaane. Wavuvi wa Ujiji walizima taa wakavuta mitumbwi mchangani. Chanja za Kibirizi zikabaki tupu, na nyumba nyingi ziliishi kwa mkopo wa dukani. Waliubeba mzigo huo wao, kwa ajili ya ziwa la wote na kwa ajili ya dagaa wa kesho. Lakini jina halikupumzishwa hata siku moja: mifuko iliendelea kuandikwa "Kigoma" na fungu likauzwa ghali zaidi kwa sababu ya uhaba uleule uliotokana na njaa ya mvuvi. Ushirika ungekuwa na alama yake, miezi ile mitatu muuzaji wa Kariakoo angeulizwa mfuko wake umetoka mwalo gani na umepita kwa nani. Halmashauri, BRELA na TCRA zikutane na wavuvi Kibirizi penyewe, na msajili aje na mashine yake na fomu zake, na afisa wa vitambulisho aje pamoja naye, kabla ziwa halijafungwa tena.